Pono Alipoacha Kunikimbia

Bunduki yangu ya kwanza ilinifika kiunoni. Ya mwisho, nikiisimamisha mchangani, ilinipita kichwa. Asiyejua kazi yetu angedhani nilikuwa napanda cheo, kwamba fundi mkubwa hushika silaha kubwa. Lakini kila nilipotafuta mti mrefu zaidi na kuongeza raba nyingine, samaki ndiye aliyekuwa ameniamuru. Nataka kueleza amri hiyo ilivyonifikia, na kwa nini leo naingia bahari ileile mikono mitupu. Ila sharti nianze na shabaha, maana asiyejua shabaha hataelewa ni nini kilichobadilika.

Kwetu pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Gazi hadi Vanga, bunduki ya samaki hainunuliwi dukani. Unatafuta mti mgumu uliokauka, unauchonga mfereji juu ili mshale ulale, unakata raba kutoka tyubu ya gurudumu la gari, na mshale wenyewe ni chuma chembamba kilichonolewa ncha, chenye chembe ndogo inayofunguka ikishaingia nyama ili samaki asichomoke. Kamba inaufunga mshale kwenye mti. Ukiwa na miwani ya maji na mapezi ya miguuni, umekuwa mvuvi. Huhitaji mtumbwi, huhitaji nyavu, humhitaji tajiri wa kukukopesha. Ndiyo sababu vijana wengi huanzia hapo, na ndiyo sababu marufuku ya mwaka 2001, iliyotangazwa na serikali kwa bunduki za samaki na majuya pamoja, haikuzimaliza bunduki majini. Mvulana aliyemaliza shule bila kazi ataipata raba kabla hajapata mtaji wa nyavu.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu, na hakuanza na bunduki. Alianza na miwani tupu. Kaskazi nzima nilizamia naye nikiwa sina kitu mkononi, na kazi yangu ilikuwa moja: nikirudi juu nimwambie samaki alikuwa akielekea wapi. Aina yake hakuitaka, ukubwa wake hakuuliza. Alikuwa akielekea wapi?

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "ukimpiga pale ulipomwona, umepiga maji."

Kitu cha kwanza anachopaswa kujua mpigaji ni uongo wa miwani. Kioo bapa chenye hewa nyuma yake humkuza samaki kwa theluthi moja hivi, tena humsogeza karibu kwa robo ya umbali wake. Pono unayemwona yuko mita 3, kwa kweli yuko mita 4. Mwanafunzi hufyatua mapema, mshale ukafika umechoka na kamba imekwisha, samaki yuleyule anaendelea na safari yake. Wale wanaosimama kwenye mtumbwi na kuchoma taa kwa mkuki wana uongo wa namna nyingine: kwao samaki huonekana juu kuliko alipo, hivyo hulenga chini yake. Mtu aliyezoea upande mmoja akihamia wa pili hukosa mpaka ajifunze upya.

Bunduki zetu hazikuwa na kidude cha kulengea. Unanyoosha mkono, kiwiko umekikaza, macho yote mawili wazi, na unamtazama samaki. Ukiutazama mshale, umempoteza. Mkono uliozoea hunyooka penye jicho, bila hesabu. Tena humtazami samaki mzima. Unatafuta gamba moja. Mjomba alikuwa akisema "chagua gamba," na kwa siku nyingi niliona ni maneno ya wazee tu. Siku nilipojaribu kumpiga tafi ndani ya kundi nikajua. Kundi la tafi likigeuka pamoja, jicho hupiga kundi lote na mshale hupita katikati bila kugusa hata pezi. Lakini ukimshika mmoja kwa jicho, ukamshika gamba moja nyuma ya shavu, wengine hutoweka hata kama wapo.

Sasa, samaki anayekatiza mbele yako. Mshale wa bunduki nzuri ya raba hutoka kwa mwendo wa mita 20 hivi kwa sekunde, na za kwetu za kuchonga nyingi ni pungufu ya hapo. Kwa umbali wa mita 2, mshale huo hutumia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pono anayetembea bila wasiwasi, nusu mita kwa sekunde, atakuwa amesogea sentimita 5 tu. Kwa hiyo ukitaka kumpata begani, lenga jicho lake. Ni kama kumpigia pasi winga anayekimbia: mpira huupeleki miguuni mwake, unaupeleka anakokwenda. Hapo hesabu ni rahisi. Ugumu huja na umbali, kwa sababu maji huukaba mshale kila hatua. Ukiongeza umbali mara mbili, muda wa safari huongezeka zaidi ya mara mbili, na nguvu ya kupenya magamba hupungua. Kulenga mbele ya samaki kwa pua nzima au kwa urefu wa kichwa kizima ni kubahatisha tu, hata kwa mtu hodari. Wanaojisifu kwamba wanampiga kolekole akiwa kasi, mita 5 mbele, waulize mishale mingapi wameikunja kwenye miamba.

Kuna wanaomfuata samaki kwa ncha, wanaizungusha bunduki pamoja naye kisha wanampita kidogo na kufyatua. Mjomba aliidharau njia hiyo. Mti mrefu ukiusukuma kwa upande, maji huushika, ncha hubaki nyuma ya jicho. Isitoshe, samaki ana mstari ubavuni unaohisi maji yakisogea. Unapoizungusha bunduki umemgusa kabla hujampiga. Mjomba alimngoja samaki. Alitafuta pengo kati ya majabali mawili, akaielekeza bunduki pengoni pasipo na samaki yeyote, akatulia. Maji yanapojaa, samaki hupanda kutoka kilindini kwenda kula juu ya mwamba, na njia zao ni zilezile. Pono anaingia pengoni mwenyewe, ubavu wazi, na mpigaji hasogezi kitu ila kidole.

Hapo tena kuna jambo ambalo mjomba alilijua kwa mazoea na mimi nimelisoma baadaye. Raba ikifyatuka hupiga kelele, na sauti majini huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Samaki aliye mita 4 mbele yako husikia raba kabla mshale haujasogea upana wa kiganja. Ndani ya muda mfupi sana misuli ya upande mmoja hukaza na mwili hujikunja mfano wa herufi C, kichwa na mkia vikirushwa upande mmoja, halafu huyo, amekwenda. Lakini wakati wa kujikunja, sehemu ya katikati, nyuma kidogo ya shavu na juu ya pezi la ubavuni, ndiyo inayochelewa kuondoka. Kichwa kinaruka, mkia unaruka, bega bado lipo. Ndiyo maana wazamiaji wa zamani, ambao hawakusoma kitabu chochote cha misuli ya samaki, wote wanakuonyesha kidole palepale: begani. Tena aliyepigwa begani hufa mara moja. Aliyepigwa tumboni hujirarua, akaingia pangoni akafia humo, asiliwe na mtu. Na mama karanga anayenunua samaki ufukoni akiona tumbo limepasuka hushusha bei bila kukuuliza.

Mengine yote ni pumzi. Mtu anayehema hawezi kulenga. Ncha hupanda na kushuka pamoja na kifua. Juu ya maji unalala kimya, unapumua polepole, pumzi moja ya kushiba, unakwenda. Sekunde za mwanzo chini moyo bado unapiga, kisha hupunguza mwendo, maana mwili wa binadamu ukiingia majini bila hewa hujibana wenyewe. Hapo ndipo mkono hutulia. Vijana hudanganywa kwamba ukipumua harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama utakaa chini zaidi. Utakaa, ndiyo, kwa sababu umeifukuza ile hewa chafu inayokuambia rudi juu. Unazimia karibu na uso wa maji bila onyo. Wapo waliolala hukohuko. Asizamie mtu peke yake, na mmoja akiwa chini mwenzake awe juu anamtazama.

Kila samaki ana mlango wake. Pono husukumwa na mapezi ya ubavuni, hupiga kisha huteleza. Mpige anapoteleza, au anapouma tumbawe, maana meno yake yakishika jiwe huwa hasikii kingine. Changu huja mwenyewe ukirusha mchanga, anadhani kuna mwenzake anayefukua chakula. Kolekole ana udadisi: ukijificha nyuma ya jabali usimtazame usoni, atazunguka aone ni nini. Kumtazama samaki machoni ni kumwambia nia yako. Tulikuwa tunamwendea kwa mshazari, kidevu kifuani, tukijifanya tuna shughuli kwingine. Chewa hurudi pangoni kinyumenyume, halafu baada ya muda hutoa kichwa tena kuchungulia. Ukiwa na pumzi ya kumngoja ni wako, ukiwa huna ni wake. Mlea hukaa chini ya tumbawe bapa wala hana haraka. Puju ana visu mkiani, tafi ana miiba yenye sumu, hao ni wa kushikwa kwa akili hata wakishakufa. Na kikande, yule mwenye mistari, hukimbilia tundu lake, husimamisha mwiba wa mgongoni akajikaza ndani, hatoki. Kwa hiyo kumpiga ni rahisi kupita kiasi: unajua atalala wapi, unamsogelea, unafyatua ndani ya tundu.

Sisemi lolote kuhusu wanaopiga usiku kwa tochi. Pono usiku amelala, wengine wamejifunika utando wa ute kama chandarua. Hapo hakuna shabaha ya kuzungumza.

Basi nilikuwa hodari. Naandika hivyo bila haya kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mtu asiye hodari hupata kidogo na kusema bahari ina bahati yake. Aliye hodari hupima. Nilijua kwa mkono wangu umbali ambao pono wa kijani, wa ukubwa wa kupendeza mtungoni, alikuwa akinivumilia kabla hajageuza mkia. Nilipoanza, umbali huo ulikuwa ndani ya mshale wa bunduki fupi. Miaka ikapita, nikaona wananigeuzia mkia mapema. Nikachonga bunduki ndefu. Wakasogea mbele tena, kwa kipimo kilekile nilichoongeza. Nikaweka raba ya pili. Wakasogea. Nilipofika kwenye ile iliyonipita kichwa, ilikuwa nzito kuigeuza, na nilimaliza pumzi nikiipakia.

Ufukoni tulikuwa na sababu zetu. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha matumbawe ya pwani yetu na sehemu kubwa ikafa. Wavuvi wote wa rika langu wanaukumbuka mwamba ulivyogeuka mweupe kisha ukaota mwani. Tukasema samaki wamepungua kwa sababu nyumba zao zimekufa. Ni kweli, na mpaka leo ni kweli. Lakini joto halimfundishi samaki kukimbia. Nilianza kulifikiria hilo peke yangu, nikiwa nimelala nyuma ya jabali naona pono wawili watatu mbali, wakila, wakinitazama, na kila nikisogea urefu wa mkono nao wanasogea urefu wa mkono. Walikuwa wanaijua bunduki yangu ina kamba ya mita ngapi.

Kisite niliingia kwa kibarua. Mwenye boti mmoja wa Shimoni alikosa mtu wa kuogelea na wageni, akaniuliza kama najua bahari. Hifadhi ya Kisite ilitangazwa mwaka 1973. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 28, na ndani yake haivuliwi kitu. Jirani yake ni Mpunguti, kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa asili unaruhusiwa. Kutoka Mkwiro au Wasini unaiona kwa macho. Wengi wetu tulikuwa tumekulia kandokando yake, tukiizungumza kwa hasira, bahari ya babu zetu iliyopewa wazungu wakaogelee. Mimi pia nilisema hivyo. Na bado nasema serikali ilipochora mstari ule haikuwauliza vya kutosha watu wa Wasini na Mkwiro.

Nikaruka majini na wageni, miwani usoni, mkono mtupu. Chini yangu pono alikuwa anauma tumbawe. Kwa mazoea tu nilizama, nikamwendea kwa mshazari, kidevu kifuani, na mkono wa kulia ukajinyoosha wenyewe, kidole mbele. Nilingoja ageuze mkia. Hakugeuza. Nikasogea. Nikafika pale ambapo kwetu angekuwa amekwisha kwenda, nikapita. Nikaona mdomo wake, yale meno yaliyoungana yakawa mdomo wa ndege, yanakwaruza jiwe na kuacha michirizi miwili myeupe. Nikasikia kwaruu, kwaruu. Nikaona jicho linazunguka kunitazama, likarudi kwenye chakula. Samaki mdogo wa buluu, msafishaji, akaingia shavuni mwake akatoka. Kisha pono akatoa nyuma wingu la mchanga, mchanga ule tunaoukanyaga pwani, maana tumbawe analosaga hutoka hivyo, akapiga mapezi mara mbili akaenda kwenye jiwe la pili. Kidole changu kilikuwa karibu kumgusa begani.

Pumzi ikanilazimisha kurudi juu. Mgeni mmoja akaniuliza kama nimeona kasa, nikasema ndiyo.

Wapo wenzangu walioniambia kwamba wale wa Kisite wamezoeshwa na mikate ya watalii. Inawezekana kwa wale wadogo wenye mistari wanaozunguka boti. Lakini hakuna mtalii aliyempa chewa mkate, na chewa wa Kisite alinitazama mlangoni mwa pango lake bila kurudi nyuma. Watafiti wamepima jambo hili katika bahari nyingi duniani: wanamwendea samaki taratibu, wanapima mahali anapokimbia. Panapopigwa mkuki, samaki wa aina ileile hukimbia akiwa mbali zaidi kuliko palipofungwa. Yaani ule umbali niliokuwa naukimbiza kwa kuongeza mti na raba tuliutengeneza sisi wenyewe, siku baada ya siku, kwa kila mshale uliokosa na kwa kila samaki aliyemwona mwenzake akichomwa. Shabaha yangu nzuri ilikuwa inafundisha mwamba mzima.

Sikuivunja bunduki siku ile. Kibarua cha watalii ni cha msimu. Kusi likishaanza, bahari ikachafuka, boti hufungwa na mtu ana watoto. Niliendelea kupiga, lakini nikawa nachagua. Vikande niliwaacha kwanza. Mjomba alikuwa ameniambia zamani kwamba kikande akiisha mwamba unaota miiba, nami nikadhani ni fumbo. Kumbe ni neno la wazi. Kikande ndiye mlaji wa ile miiba ya baharini, wale weusi wa mviringo wanaotuchoma nyayo; watafiti waliofanya kazi kwenye miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameonyesha kwamba vikande wakivuliwa miiba hujaa, na miiba ikijaa hula mwamba mpaka matumbawe yanashindwa kurudi. Na kikande, nimesema, ndiye rahisi kuliko wote kumpiga. Bunduki mkononi mwa mvulana mwanafunzi humaliza kwanza yule ambaye mwamba unamhitaji zaidi.

Baada ya vikande nikaacha chewa wakubwa. Kisha nikaona orodha ya ninaowaacha imekuwa ndefu kuliko ya ninaowapiga, na ile bunduki ndefu naibeba kwa ajili ya changu wachache ambao ningewapata kwa mshipi. Nikazitoa raba. Mti upo dari ya jikoni, tunatundikia vikapu.

Nilihamia malema, ile mitego ya samaki ya kusuka. Ni kazi ya wazee, nilichekwa. Lakini malema ya sasa mengine yana mlango mwembamba pembeni, njia ya kutokea samaki wadogo na wale bapa wasio na nyama. Yalijaribiwa huku pwani na taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, pamoja na shirika la uhifadhi la WCS. Tafi mtoto hutoka, tafi mzima hubaki, na wanaobaki huuzika kwa bei nzuri kuliko mchanganyiko wa samaki wadogo. Korona ilipofunga utalii mwaka 2020 na Shimoni ikawa kimya, malema ndiyo yaliyonilisha.

Shabaha haikunitoka. Naitumia kila siku. Nikiwa na mgeni majini simwonyeshi samaki aliko. Namwonyesha pengo, namwambia tulia hapa, halafu pono anaingia. Wanadhani nina uchawi. Na tunapohesabu samaki kwa ajili ya kikundi chetu cha ufuo, BMU, tunatandaza kamba ya kupimia juu ya mwamba, tunaogelea taratibu na kibao cha kuandikia. Kazi hiyo huwashinda wengi kwa sababu samaki hawatulii, unamhesabu mmoja mara mbili bila kujua. Anayejua anakokwenda samaki hamhesabu mara mbili. Mjomba aliponitoa majini bila bunduki na kuniuliza "alikuwa akielekea wapi?", alikuwa ananiandalia kazi ambayo wakati ule haikuwapo.

Vijana wa bunduki wananijua. Wengine ni wapwa zangu, wananiita mjomba nami nawaita mjomba. Siwahubirii, maana mimi mwenyewe nilihubiriwa na maofisa, kwa faini na kwa kunyang'anywa bunduki, nikachonga nyingine wiki ileile. Waliokuja na makaratasi ya samaki wanaopungua hawakunigeuza pia. Samaki wanapungua kila mahali, na kila mvuvi anadhani mwenzake ndiye anayewamaliza.

Kwa hiyo ombi langu liko kwa wenye boti wa Shimoni na Wasini, kwa viongozi wa BMU kuanzia Gazi hadi Vanga, na kwa wasimamizi wa hifadhi walio chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Boti zinazokwenda Kisite mara nyingi zina nafasi mbili tatu tupu, hasa siku za katikati ya wiki. Wapakieni hao vijana wa bunduki, bila kuwatoza kiingilio, bila hotuba. Wapeni miwani, waacheni wazame, na mtu yeyote asiwaambie watazame nini, wanajua kupima. Wakirudi nchi kavu pawe na malema ya kuanzia na mtu wa kuwafundisha kuyasuka, kwa sababu mvulana aliyeshuka botini akiwa na njaa atakwenda kutafuta tyubu kesho yake. Maji huwa safi kuanzia Desemba mpaka Machi, na boti huondoka Shimoni asubuhi.